Injini Iliyotoka Bandani kwa Delbert

Jumapili, 3 Machi 2019

Miaka ishirini na sita niliandika daftari la gereji ya mabasi ya shule: tarehe, namba ya basi, kilichoharibika, nilichofanya. Tangu nistaafu mkono unaniwasha. Basi leo naanza daftari la gari langu mwenyewe.

Gari: Nova ya mwaka 1971, rangi ya chungwa, milango miwili. Nililinunua kwa mshahara wangu nikiwa na miaka ishirini na minne, kabla sijaolewa. Kilichoharibika: injini, na kosa ni langu. Januari nilisahau kutia dawa ya baridi kwenye rejeta, maji yakaganda ndani, bloku ikapasuka ubavuni ufa wa urefu wa kiganja. Nilichofanya: nilikaa juu ya ndoo nikalia, nikamwambia mume wangu Clovis ni moshi wa jiko.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Clovis alikaa mlangoni pa gereji na mtungi wake wa oksijeni pembeni, kazi yake kunisimamia. Vumbi la makaa ya mgodini lilimla mapafu, ulimi halikuugusa.

Nilimsomea njia zilizopo. Kuziba ufa ni kujidanganya. Injini mpya ya dukani ni dola elfu nne na ushee, hizo hatuna na hatutakuwa nazo. Injini ya silinda sita ipo kwa mwuza vyuma chakavu, dola mia mbili na nusu, inaingia bila matata, lakini haina nguvu hata ya kumtisha kuku. Njia ya nne ndiyo wanayoifuata watu wa mfuko kama wetu: kutoa injini ya silinda nane kwenye pikapu ya miaka ya elfu mbili na kuiingiza kwenye gari la zamani. Inataka sampo nyingine, bakuli la oili la chini ya injini, maana ile ya pikapu inagonga chuma cha chini, inataka vipande vya kuishikilia na kabureta badala ya kompyuta. Yote hayo nayaweza.

"Silinda sita ndani ya Nova," Clovis akasema, "ni kama bwana harusi aliyevaa suti na ndala."

"Wewe utakuwa unapanda au unaendesha?"

"Napanda. Lakini watu wataniona, mama."

Basi ni silinda nane ya pikapu. Kazi ni kuipata.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwa mwuza vyuma chakavu. Silinda nane aliyonayo inagonga ndani kama mtu aliyefungiwa chumbani. Nimeiacha.

Jumapili, 10 Machi

Mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Delbert Stidham amelazwa hospitali Lexington, moyo. Clovis hakula chakula cha mchana. Delbert si rafiki tu kwake. Mwaka 1994 paa la mgodi liliposhuka, wenzao wote walikimbilia nje, Delbert peke yake akarudi ndani kwa magoti, akamvuta Clovis kwa mkanda wa suruali mita mia mbili gizani. Kila Krismasi tangu hapo tunapeleka paja la nguruwe nyumbani kwa Stidham, na kila mwaka Delbert anasema tumelikausha mno.

Jioni alipiga simu Twyla, binti wa Delbert. Anasema anasafisha banda la baba yake wakati yuko hospitali, na kuna injini ya silinda nane chini ya turubai. Alisikia natafuta.

"Ya pikapu?" nikauliza.

Nikasikia akifunga mlango. "Ya pikapu, shangazi. Dola mia nne. Lakini uje Jumamosi. Usichelewe."

Jumamosi, 16 Machi

Nimeinunua. Bloku ya chuma, imefungwa vizuri, midomo yote imezibwa na matambara yaliyolowekwa oili. Aliyeihifadhi alitaka iishi. Nilipoizungusha kwa mkono ilizunguka laini, bila mkwaruzo.

Twyla hakuingia bandani. Alisimama mvuani, kofia ya koti kichwani, akanielekeza kwa kidole. Nikamwambia ajikinge, akasema hapana, yuko sawa. Nilipomaliza kuifunga kwenye trela alipokea pesa bila kuhesabu.

"Mzee wako aliitoa wapi?"

"Sijui. Anaokota vitu, unamjua."

Namjua. Delbert hajawahi kutupa kitu kizima maishani mwake. Misumari iliyopinda huinyoosha.

Jumatano, 20 Machi

Nimeosha injini. Clovis kaniletea kahawa, nusu imemwagikia kwenye mpira wa oksijeni. Tunacheka kama vijana. Kijito nyuma ya nyumba kimepanda hadi mzizi wa mkuyu.

Jumatatu, 25 Machi

Dukani nimehudumiwa na Ima Jean Feltner. Mtoto wake Lonnie ndiye aliyekuwa mume wa Twyla. Novemba ya 2015 Lonnie alipanda pikapu yake akaenda Texas kwenye visima vya mafuta, akawaacha Twyla na binti mdogo, wala hajaandika hata mstari. Delbert ndiye aliyemwona mara ya mwisho, akipita darajani na mizigo nyuma. Kaunti nzima ilisema heri amekwenda. Lonnie alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga, na Twyla alikuwa na miwani ya jua hata siku za theluji.

Ima Jean hakusema heri amekwenda. Yeye ni mama.

"Mwezi ujao anatimiza thelathini na nane," aliniambia huku akipitisha unga na maharage yangu kwenye mashine. "Nimenunua kadi. Huna mtu Texas, Verna?"

"Sina, dada."

Humwuliza kila mteja. Nyuma yangu mtu alikohoa, foleni isogee.

Alhamisi, 28 Machi

Delbert ametoka hospitali, na mahali pa kwanza alipokuja ni hapa. Amepungua, shati linamning'inia. Clovis alisimama kumpokea na haruhusiwi kusimama haraka.

"Mmeninyima kufa," Delbert akasema, "mmebaki na deni la maua."

"Maua yenyewe tulishakodi, tutayarudisha," Clovis akajibu, wakacheka mpaka wote wawili wakashika vifua.

Nilikata mkate wa mahindi, nikawapa na maharage. Ndipo Clovis akasema kwa furaha: "Shemeji yako kapata injini, hata wewe utatembea na sisi. Twyla kamwuzia ile ya bandani kwako."

Sijui nieleze vipi. Uso wa Delbert haukubadilika. Kilichobadilika ni kijiko. Kilikuwa njiani kwenda mdomoni, kikasimama, kikakaa hewani muda mrefu, kisha kikarudi sahanini taratibu bila kutoa sauti.

"Ile mbovu, shemeji," akaniambia. "Utajipa hasara. Nitaifuata kesho."

"Mbona inazunguka vizuri?"

"Mbovu," akasema tena. Akaondoka bila kumaliza chakula. Delbert!

Ijumaa, 29 Machi

Hakuja. Anasema daktari amemkataza kuendesha. Amepiga simu mara tatu kuuliza kama nimeifungua.

Jumanne, 2 Aprili

Leo amekuja na gari la kuazima, nyuma kabeba injini nyingine ya silinda nane, safi, yenye nyaya na kompyuta yake. Ukiitafuta sokoni haipungui dola elfu moja na mia tano.

"Chukua hii, nipe ile," akasema. "Bure. Na mia nne zako hizi hapa."

Clovis alipiga makofi. "Verna, hata usijibu, shika!"

Mtu mwenye akili angeshika. Lakini nimefanya kazi ya ufundi maisha yangu yote, na sijawahi kuona mtu akibadilisha kizima kwa kibovu na kuongeza pesa juu. Nikamwuliza kwa nini. Akasema ni mambo ya roho, alipokuwa kitandani aliahidi kutomwuzia mtu kitu kibovu. Alisema hayo akiitazama ile injini, si mimi. Alikuwa anaitazama kama mtu anavyomtazama mbwa bila kujua kama kafungwa.

Nikamdanganya. Nikamwambia nimeshaifungua, vipande vimetawanyika, anipe siku tatu niikusanye. Akaiacha ile nyingine uani kwangu chini ya turubai.

"Siku tatu," akasema.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua haijakatika tangu Jumatatu. Clovis alikuwa amelala. Niliingia gereji nikafunga mlango kwa ndani, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Nilisema moyoni: kama ni mbovu nitaiona. Nikafungua sampo: safi. Nikatazama ndani ya silinda kwa tochi: safi. Nikaanza kutoa bomba za eksozi, za kutoa moshi, zinapounga na injini, upande wa dereva. Boliti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya mwisho, ile ya nyuma kabisa, spana ilikataa kukaa. Nikasugua kutu kwa brashi ya waya.

Ilikuwa boliti ya shaba. Kichwa chake kimekatwa pande mbili kwa tupa.

Niliikata mimi.

Agosti 2014. Lonnie Feltner alileta pikapu yake ya rangi ya fedha hapa uani, eksozi inavuja, boliti ya nyuma imekatikia ndani. Nilitoboa, drili ikateleza, tundu likaenda upande. Nikalipanua, nikalitengenezea uzi mpya, na kwa kuwa hakukuwa na boliti ya kipimo hicho nikachukua ya shaba ya basi la shule, nikaipunguza kwa msumeno na kuichonga kichwa kwa tupa ili spana ifike. Lonnie alilalamika muda wote kwamba namchelewesha. Twyla alikuwa upande wa pili wa boneti, ananishikia tochi, na kifundo cha mkono wake kilikuwa cha kijani na manjano. Niliona. Nilisema "shusha mwanga kidogo," basi. Hayo tu ndiyo niliyosema.

Sasa tuseme Lonnie aliendesha pikapu ile hadi Texas. Injini yake inafanya nini gereji kwangu?

Nilikaa juu ya ndoo. Sikulia. Nilirudisha boliti zote mahali pake, moja moja, nikaangusha spana mara mbili, na kila ilipoanguka niliganda nikasikiliza kama kuna mtu nje. Nje kulikuwa na mvua.

Ijumaa, 5 Aprili

Siku ya tatu. Nimempigia Delbert nikasema nina mafua. Akasema: "Pole, shemeji. Mafua ya sasa ni mabaya. Usitoke."

Jumapili, 7 Aprili

Nimemwambia Clovis. Nilidhani hataamini. Aliamini papo hapo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Irudishe," akasema.

"Clovis, mtu amekufa."

"Mtu gani? Umeona mtu? Umeona boliti."

"Ima Jean kanunua kadi ya siku ya kuzaliwa."

"Lonnie alikuwa anampiga binti yule kama gunia! Kila mtu alijua. Wewe ulijua. Ulifanya nini? Nani alifanya kitu?" Alianza kukohoa, nikamshikia mpira puani, akanisukuma mkono. Alipopata pumzi alisema polepole: "Ninapumua hivi vibaya, lakini napumua. Miaka ishirini na mitano. Kila asubuhi kwenye kahawa yangu yumo Delbert. Ukienda polisi kwa sherifu, ukirudi usinitafute kitandani."

Tumelala kila mtu amegeukia ukuta wake.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Hatusemeshani isipokuwa dawa na chakula.

Alhamisi, 11 Aprili

Gari la Delbert limeegeshwa kwenye kona chini ya nyumba yetu tangu saa mbili asubuhi. Hashuki. Wipa za kioo zinakwenda na kurudi. Saa sita kaondoka, saa nane karudi. Clovis anamwona dirishani na hasemi kitu. Mara moja alinyanyua mkono kumsalimia. Sikuona kama alijibiwa.

Ijumaa, 12 Aprili

Yupo tena. Kijito kimepita mkuyu. Redio imesema daraja la chini linafungwa.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika yote kwa mpangilio, kama nilivyoandika ajali za mabasi.

Asubuhi maji yalifunika daraja. Hakuna aingiaye wala atokaye bondeni kwetu, na kona ilikuwa tupu. Nilishukuru. Saa nne maji yakaanza kuingia gereji kwa chini ya mlango, nikaenda kunyanyua injini kwa winchi isiharibike. Niliipandisha hadi kifuani, nikapiga magoti chini yake kupanga matofali.

Nikaona viatu. Viatu vya mgodini, vimejaa tope hadi juu. Alikuwa amepita mlimani kwa miguu, na moyo ule, mvua ile.

"Inuka taratibu, shemeji," Delbert akasema. "Utajigonga kichwa."

Mkono wake ulikuwa juu ya kifungulio cha winchi. Ukikizungusha robo duara tu, mnyororo unaachia. Kilo mia mbili na kitu zilikuwa zimening'inia juu ya shingo yangu. Sikuinuka. Sikuweza.

"Umeiona ile boliti?"

Nilitaka kusema boliti gani. Nikasikia sauti yangu ikisema: "Nimeiona."

Akavuta pumzi ndefu, ikapiga filimbi kifuani. Maji yalikuwa yananilowesha magoti.

"Pikapu nilivunja kila kitu," akasema. "Milango nilikata. Bodi nilikata, nikauza vipande kaunti tatu tofauti. Fremu nilizika. Ilipofika injini..." Akaitazama ikining'inia. "Ilikuwa na maili elfu sitini tu, Verna. Inanguruma laini kama paka. Nilishika nyundo mara ngapi. Nilishindwa. Mtu anaweza kuwa mpumbavu kiasi hicho?"

"Lonnie yuko wapi, Delbert?"

"Aliingia jikoni kwangu anamburuta mwanangu kwa nywele, na mtoto anaona. Nilikuwa natengeneza bomba la sinki. Spana ilikuwa mkononi. Mara moja tu. Nilidhani atainuka."

"Yuko wapi?"

Mkono ulikuwa bado pale. Nilikuwa natazama vidole, kucha nyeusi za mchimba makaa ambazo hazitakati tena, na niliwaza jambo la ajabu: vidole hivi ndivyo vilivyoshika mkanda wa Clovis.

"Mlikula mapaja ya nguruwe na mimi," akasema. "Nilimtoa mumeo kaburini. Nami sikuwahi kudai kitu. Leo nadai."

"Unadai nini?"

"Unyamaze."

Hapo mlango wa nyumba ukafunguka na Clovis akaja, bila mtungi. Hajatembea hatua arobaini bila mtungi kwa miaka mitatu. Midomo ilikuwa ya bluu. Alisimama kwenye mlango wa gereji ameshika nguzo, akautazama ule mkono, akanitazama mimi.

"Delbert," akasema. Pumzi. "Toa mkono." Pumzi. "Huyo ni mke wangu."

Sijui ilichukua muda gani. Delbert aliutazama mkono wake kama umewekwa pale na mtu mwingine. Akautoa. Nikatambaa nikatoka. Akakaa juu ya ndoo yangu katikati ya maji, akaanza kulia kwa sauti ya chini, nasi tukasimama, wazee watatu, hakuna aliyejua la kufanya. Nilikimbia kumletea Clovis mtungi. Niliporudi, Delbert alikuwa ameshapanda mlima anarudi kwao.

Clovis hajasema neno tangu hapo. Si kwangu, si kwa mtu.

Jumapili, 14 Aprili

Maji bado. Simu haifanyi kazi.

Jumanne, 16 Aprili

Maji yameshuka kidogo. Nimempikia Clovis viazi na nyama ya nguruwe, anakula akitazama sahani. Nilimwambia: "Daraja likifunguka, nakwenda." Akaendelea kutafuna.

Jumatano, 17 Aprili

Nimekwenda. Nilikaa mbele ya sherifu nikasema kila kitu, hata kifundo cha mkono cha kijani na manjano, ingawa hakuuliza. Niliporudi, Clovis alikuwa amehamishia mto wake kwenye kochi.

Ijumaa, 19 Aprili

Wamechukua injini. Namba iliyogongwa kwenye bloku imekubaliana na hati za pikapu ya Lonnie. Delbert walimkuta kibarazani kwake, kanyoa, kavaa shati la kanisani, mkoba mdogo wa dawa mapajani. Hakuwasumbua. Aliwapeleka mwenyewe hadi kwenye shimo la hewa la mgodi wa zamani, akawaonyesha alipo Lonnie. Shimo hilo ndilo walilomtolea Clovis mwaka 1994.

Jumatatu, 22 Aprili

Dukani watu wawili wamenigeuzia mgongo. Ima Jean hakuwepo kazini.

Alhamisi, 2 Mei

Siku ya kwanza ya jua. Nilikuwa nasukuma tope nje ya gereji, Twyla akaja. Nilidhani amekuja kunitukana, na nilikuwa tayari kumwacha atukane.

"Shangazi, ile injini nyingine ya baba, baki nayo."

"Sitaki, mwanangu. Ipeleke."

Akasimama, anageuza funguo za gari mkononi. Hakuwa na miwani ya jua. "Hujaniuliza kwa nini nilikuuzia wewe."

"Ulisikia natafuta."

"Mwuza vyuma chakavu angeinunua siku ile ile. Angeisaga." Akanitazama usoni. "Nilikushikia tochi, shangazi. Nilijua utaiona."

Nikaacha kusukuma tope.

"Nilikuwa jikoni wakati ule. Kila mwaka Ima Jean ananiuliza kama Lonnie amempigia mtoto simu. Kila mwaka nasema bado. *Bado*, nasema. Nisingeweza kumpeleka baba yangu polisi mimi mwenyewe. Nilishindwa kufungua mdomo. Nikasema, acha Verna afungue." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Nimekutwisha wewe. Nisamehe."

Nilitaka kumkasirikia. Ule mkono juu ya winchi ulinijia machoni, na Clovis na midomo yake ya bluu. Lakini nilikumbuka pia nilichosema Agosti ile: shusha mwanga kidogo. Nikamwambia akae ndani, nikamkatia mkate.

Alhamisi, 9 Mei

Nimenunua silinda sita. Dola mia mbili na nusu, imeingia bila matata. Leo nimeiwasha, inakoroma kama mtu mwenye shibe.

Clovis alikuja mlangoni. Siku ishirini na sita bila neno. Alisikiliza, kichwa kakiinamisha.

"Ndala," akasema.

Niligeuka upande wa ukuta nikajifanya natafuta spana.

Baadaye mezani akaniambia, bila kunitazama, kwamba Jumapili atakwenda jela ya kaunti kumwona Delbert, na anaomba nimpeleke. Nikasema nitampeleka. Akasema nisiingie. Nikasema sitaingia. Amerudisha mto.

Jumamosi, 18 Mei

Wamemzika Lonnie leo. Watu hawakufika ishirini. Twyla alisimama mbali na binti yake, karibu na lango. Mimi na Clovis tulikaa safu ya mwisho ya viti, chini ya turubai, nikiwa tayari kuondoka mtu akinitazama vibaya.

Watu walipokwisha kutawanyika, Ima Jean alibaki amekaa mbele ya kaburi na mkoba wake mapajani. Nilikwenda. Nilikuwa nimetunga maneno tangu wiki iliyopita, yote yakanipotea. Nikasema tu pole, dada.

Hakugeuka.

"Kila siku nilikuwa nikiamka," akasema, "najiuliza kule Texas ni saa ngapi. Nilikuwa najua hali ya hewa yao kuliko ya kwetu. Nikisikia kuna joto, nasema anywe maji. Nikisikia kimbunga, silali." Alifungua mkoba, akaufunga tena. "Nilikuwa na mtoto Texas, Verna. Asiye na adabu, asiyeandika, lakini alikuwepo. Umekuja na boliti yako, umeniondolea Texas."

Nilisimama pale na mikono yangu. Upepo ulikuwa unapiga turubai. Nilisubiri anifukuze, na niliona ni haki yake.

Akanyoosha mguu, akakisogeza kiti kilichokuwa karibu naye, kikaingia nusu kwenye udongo mbichi.

"Kaa," akasema. "Sitaki kuwatazama peke yangu wakifukia."

Nikakaa.